Kagua Skeli Kabla ya Kulipa: Vidirisha vya Mchoro wa Nyumba Yako

Mwananchi anayejenga nyumba hununua vitu viwili kabla ya tofali la kwanza: kiwanja na mchoro. Kiwanja hukikagua kwa macho yake. Hukitembea, huhesabu bikoni na kuwauliza majirani. Mchoro, kwa upande wake, huja ukiwa umekunjwa ndani ya bahasha au ukiwa faili katika simu, na walio wengi huupokea kwa sababu tu unapendeza. Ni wachache wanaouliza kama kilichomo kwenye karatasi kinalingana na kile kilichochorwa.

Somo hili linahusu sehemu moja ya mchoro wa kompyuta ambayo mteja haelezwi mara nyingi, nayo ndiyo inayoamua kama karatasi aliyolipia inasema kweli. Michoro mingi ya nyumba siku hizi huandaliwa kwa programu kama AutoCAD au BricsCAD. Karatasi unayokabidhiwa si mchoro wenyewe. Ni ukurasa wenye nafasi za kutazamia, na kupitia kila nafasi unaona sehemu ya mchoro kwa ukubwa uliochaguliwa na mchoraji. Nafasi hizo tutaziita vidirisha, ili zisichanganywe na madirisha ya nyumba.

Kidirisha kilichotengenezwa vizuri humwonyesha fundi nyumba ileile aliyoikusudia mbunifu. Kidirisha kilichosogezwa kidogo kwa bahati mbaya huonyesha nyumba inayofanana nayo, lakini ambayo vipimo vyake kwa rula si vya kweli. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho. Huonekana msingi ukishachimbwa, na wakati huo gharama ni ya mwenye nyumba.

Hatukusudii kukufanya mchoraji. Tunakusudia kukuwezesha kuuliza maswali yanayofaa na kukagua kazi kwa rula ya kawaida kabla ya kumaliza malipo. Kwa vijana wanaojifunza kuchora, tumeeleza pia hatua za kutengeneza kidirisha, maana mteja anayezijua hatua hizo hujua mahali pa kuangalia.

1. Viwanja viwili ndani ya faili moja

Faili ya mchoro wa kompyuta ina sehemu mbili zinazofanya kazi tofauti.

Sehemu ya kwanza ni uwanja wa modeli. Humo nyumba huchorwa kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita 12 huchorwa ukiwa na urefu wa milimita 12,000. Mlango wa sentimita 90 huchorwa ukiwa na upana wa milimita 900. Hakuna skeli ndani ya uwanja wa modeli, kwa sababu hakuna kilichopunguzwa.

Sehemu ya pili ni uwanja wa karatasi, ambao hugawanywa katika kurasa za mpangilio. Kila ukurasa huwakilisha karatasi moja itakayochapishwa: A3 yenye milimita 297 kwa 420, A2 yenye milimita 420 kwa 594, au A1 yenye milimita 594 kwa 841. Juu ya ukurasa huo mchoraji huweka fremu ya ukurasa, kisanduku cha maelezo chenye jina la mradi na tarehe, kisha hufungua vidirisha vya kutazamia nyumba iliyo katika uwanja wa modeli.

Utaratibu huu si wa jana. AutoCAD ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982, na kwa miaka kadhaa mchoraji aliyetaka skeli mbili katika karatasi moja alilazimika kunakili sehemu ya mchoro na kuikuza au kuipunguza pembeni. Ukuta ukibadilishwa, kila nakala ilihitaji kurekebishwa peke yake. Uwanja wa karatasi uliingizwa katika toleo la 11 la mwaka 1990, na toleo la AutoCAD 2000, lililotoka mwaka 1999, likaruhusu kurasa nyingi ndani ya faili moja. Tangu hapo nyumba huchorwa mara moja tu, na vidirisha vyote huitazama nyumba hiyo hiyo. Mlango ukihamishwa katika modeli, huhama katika kila kidirisha kinachouonyesha.

Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mteja. Lakini hapo hapo pana jambo la kuzingatia: kila kidirisha kina skeli yake. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na ramani ya vyumba kwa skeli ya 1:100, ramani ya kiwanja kwa 1:200 na mkato wa dirisha kwa 1:20. Kwa hiyo swali la kuuliza si "Mchoro huu una skeli gani?" bali "Kidirisha hiki kina skeli gani?"

2. Hesabu ya skeli

Skeli ya 1:100 maana yake ni kwamba milimita moja ya karatasi inasimama badala ya milimita 100 za nyumba. Ili kupata urefu kwenye karatasi, gawanya urefu halisi kwa namba ya skeli. Tuchukue ukuta wa mita 12, yaani milimita 12,000:

- Kwa skeli ya 1:200, hutokea kwenye karatasi ukiwa na milimita 60. Skeli hii hufaa ramani ya kiwanja.
- Kwa skeli ya 1:100, huwa milimita 120. Hufaa ramani ya vyumba na sura za nje za nyumba ya kawaida.
- Kwa skeli ya 1:50, huwa milimita 240. Hufaa pale fundi anapohitaji kuona unene wa kuta na nafasi za nguzo kwa uwazi zaidi.
- Kwa skeli ya 1:20, ungekuwa milimita 600, urefu unaozidi upande mrefu wa A3. Ndiyo maana skeli hii hutumika kwa sehemu ndogo tu, kama dirisha la mita 1.5, ambalo huwa milimita 75.

Kutokana na hesabu hii unaweza kuona kwa nini nyumba ya mita 12 kwa 9 hukaa vizuri katika A3 kwa skeli ya 1:100: ramani ya vyumba huchukua milimita 120 kwa 90, na kiwanja cha mita 20 kwa 30 kikiwekwa kwa 1:200 huchukua milimita 100 kwa 150. Vidirisha vyote viwili huingia, na nafasi hubaki kwa sura ya mbele na mkato.

3. Jinsi kidirisha kinavyotengenezwa

Hatua zifuatazo hufuatwa katika AutoCAD na katika programu nyingine zinazofanana nayo.

Hatua ya kwanza: chora kwa ukubwa halisi. Mchoraji huamua kipimo cha faili, kwa kawaida milimita, na kuchora kila kitu humo bila kupunguza chochote.

Hatua ya pili: andaa ukurasa. Hufunguliwa ukurasa wa mpangilio, huchaguliwa ukubwa wa karatasi, na ukurasa wenyewe hupangwa uchapishwe kwa 1:1. Karatasi haipunguzwi, kinachopunguzwa ni picha ya nyumba ndani ya kidirisha.

Hatua ya tatu: fungua kidirisha. Mchoraji huandika amri ya MVIEW na kubofya pembe mbili zinazokabiliana. Mstatili hutokea, na ndani yake nyumba huonekana kwa ukubwa wowote ule ambao kompyuta imeona unatosha. Skeli ya wakati huo haina maana yoyote.

Hatua ya nne: weka skeli. Mchoraji huchagua kidirisha, kisha huchagua 1:100 au skeli nyingine katika orodha iliyo chini ya skrini.

Hatua ya tano: sogeza picha mahali pake. Hubofya mara mbili ndani ya kidirisha, akaivuta nyumba hadi ikae katikati bila kuikuza wala kuipunguza, kisha hubofya mara mbili nje ya kidirisha ili kurudi katika uwanja wa karatasi. Fremu ya kidirisha ikiwa ndogo mno na kukata veranda, huvutwa kwa pembe zake. Kuivuta fremu hakubadilishi skeli. Ni kama kuvuta pazia: unaona zaidi, lakini kilicho nje ya dirisha hakikui wala hakipungui.

Hatua ya sita: wekea kidirisha kufuli. Programu ina alama ya kufuli kwa kila kidirisha. Kufuli likishawekwa, mchoraji akizungusha gurudumu la kipanya huku yumo ndani ya kidirisha, ukurasa wote hukuzwa kwenye skrini, lakini skeli ya kidirisha haiguswi.

Hatua ya saba: chagua kinachoonekana. Mchoro hupangwa katika leya: kuta katika leya moja, samani katika nyingine, nyaya za umeme katika nyingine, mabomba kadhalika. Leya inaweza kugandishwa katika kidirisha kimoja pekee na kubaki wazi katika vingine. Hivyo nyumba iliyochorwa mara moja hutoa ramani ya vyumba, ramani ya umeme na ramani ya maji, kila moja katika kidirisha chake.

Hatua ya nane: ficha fremu. Fremu ya kidirisha huwekwa katika leya isiyochapishwa, ili mstari wake usidhaniwe kuwa ni ukuta au mpaka wa kiwanja.

Mpangilio wa hatua hizi una maana. Skeli hutangulia, kusogeza hufuata, na kufuli huja mwisho. Mchoraji anayeweka kufuli kabla ya kuthibitisha skeli atakuwa amelifungia kosa ndani.

4. Makosa matano yanayomgharimu mteja

Kosa la kwanza: kidirisha kisicho na kufuli. Mchoraji amemaliza kazi, kisha amerudi kurekebisha neno moja. Akiwa ndani ya kidirisha, anazungusha gurudumu la kipanya kidogo. Skeli inahama kutoka 1:100 hadi, tuseme, 1:93.7. Kisanduku cha maelezo bado kinasema 1:100, kwa kuwa maandishi hayo yaliandikwa kwa mkono na hayafuati kidirisha. Ukuta wa milimita 12,000 sasa una milimita 128 kwenye karatasi badala ya 120. Fundi anayepima kwa rula na kuzidisha kwa 100 atapata mita 12.8. Sentimita 80 zimezaliwa mahali ambapo hazipo. Katika kiwanja chembamba, sentimita 80 zinaweza kuupeleka ukuta ndani ya nafasi iliyopaswa kuachwa wazi mpakani.

Kosa la pili: kuchapisha kwa kutosheleza karatasi. Kidirisha ni sahihi, lakini faili ya A1 imepelekwa steshenari yenye mashine ya A3, na mhudumu amechagua mchoro upunguzwe hadi utoshe. Kutoka A1 hadi A3 kila urefu hupungua kwa nusu. 1:100 imekuwa 1:200. Kutoka A3 hadi A4 kila urefu huzidishwa kwa takriban 0.707, 1:100 imekuwa karibu 1:141, na ukuta wa mita 12 una milimita 85 tu. Hata A3 ikichapishwa katika karatasi ya A3, chaguo la kutosheleza linaweza kupunguza mchoro kwa asilimia chache ili kuacha pambizo za mashine. Dalili mojawapo ni herufi ndogo mno: maandishi ya milimita 2.5 katika A1 hubaki na milimita 1.25 katika A3.

Kosa la tatu: vipimo vya faili vilivyochanganywa. Mara nyingi ramani ya mpima ardhi huwa katika mita, ilhali nyumba imechorwa katika milimita. Katika faili ya mita, kidirisha cha 1:200 hakiwekwi kwa kuchagua 1:200 orodhani. Huhitaji uwiano wa 5:1, kwa sababu kila kipimo kimoja cha faili ni milimita 1,000, na 1,000 ikigawanywa kwa 200 hutoa 5. Mchoraji asiyezingatia hilo huishia kukuza na kupunguza kwa jicho mpaka kiwanja "kikae vizuri". Kiwanja kilichokaa vizuri kwa jicho hakina skeli.

Kosa la nne: leya iliyogandishwa mahali pasipostahili. Mchoraji ameficha leya ya nguzo ili ramani ya samani isijae mistari, lakini akaificha pia katika kidirisha cha msingi. Karatasi inaonekana safi, na nguzo hazimo. Kosa hili halipatikani kwa rula. Hupatikana kwa kuhesabu: nguzo za ramani ya msingi zilinganishwe na nguzo za ramani ya vyumba, na milango ya ramani ya vyumba ilinganishwe na orodha ya milango.

Kosa la tano: vipimo vilivyoandikwa juu ya karatasi badala ya kufungwa kwenye modeli. Namba ya urefu ikiwekwa katika uwanja wa modeli, husoma urefu halisi wa ukuta hata skeli ya kidirisha ikihama. Ikiwekwa juu ya ukurasa bila kuunganishwa na ukuta, hubaki palepale kidirisha kikisogezwa, na mshale wake unaweza kuonyesha chumba ambacho si chake. Mchoraji akikuambia kwamba namba zimeandikwa kwa mkono ili kuokoa muda, omba zipimwe upya na programu yenyewe.

5. Kukagua kwa rula

Hapa tunaomba msomaji atenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Namba iliyoandikwa ni ya kujengea; rula ni ya kukagulia. Fundi asijenge kwa kupima karatasi, hata karatasi ikiwa sahihi. Nusu milimita ya rula kwa skeli ya 1:100 ni sentimita 5 za ukuta, na karatasi yenyewe hujikunja na kutanuka. Lakini rula hutosha kabisa kukuonyesha kama kidirisha kimehama.

Fuata utaratibu huu kwa kila kidirisha:

Kwanza, tafuta kipimo kirefu kuliko vyote kilichoandikwa katika kidirisha hicho. Usianze na mlango. Mlango wa milimita 900 una milimita 9 kwa 1:100. Kidirisha kikihama hadi 1:93.7 utakuwa na milimita 9.6, na jicho halitatofautisha. Ukuta wa milimita 12,000 utakuwa na 128 badala ya 120, na hilo kila mtu ataliona.

Pili, pima mstari huo kwa rula na uandike milimita ulizopata.

Tatu, gawanya namba iliyoandikwa kwa milimita za rula. Jibu ndilo skeli ya kweli ya karatasi uliyoishika. Linganisha na skeli iliyoandikwa chini ya kidirisha.

Nne, rudia kwa vidirisha vingine vya ukurasa huo. Hatua hii ndiyo inayotambulisha mahali kosa lilipo. Ikiwa vidirisha vyote vimepungua au kukua kwa uwiano uleule, tatizo ni uchapishaji, na dawa yake ni kuchapisha upya kwa asilimia 100. Ikiwa kimoja tu kimetofautiana na wenzake, tatizo limo ndani ya faili, na karatasi irudi kwa mchoraji. Usimlaumu mchoraji kwa kosa la mashine ya steshenari, wala usikubali steshenari isingiziwe kosa la kidirisha.

Tano, angalia kama kuna skeli ya mstari, yaani rula ndogo iliyochorwa kwenye ukurasa na kugawanywa kwa mita. Skeli ya mstari ni kinga nzuri, kwa kuwa hupungua pamoja na karatasi: mchoro ukichapishwa kwa nusu, rula hiyo nayo huwa nusu na huendelea kusema kweli. Kumbuka tu kwamba skeli moja ya mstari huhudumia vidirisha vya skeli ileile pekee. Ukurasa wenye 1:100 na 1:200 unahitaji mbili.

Ukiwa umeketi na mchoraji mbele ya kompyuta, kuna njia fupi zaidi. Mwombe abofye fremu ya kidirisha. Programu itaonyesha skeli yake. Ukiona 1:100, vema. Ukiona namba ndefu kama 0.010672 mahali pa skeli, kidirisha kimekuzwa kwa jicho au kimehama, na kinapaswa kurekebishwa mbele yako. Kisha mwombe akuonyeshe kufuli.

6. Makubaliano kabla ya kazi

Mengi ya haya ni rahisi kuyapata yakiombwa mwanzoni, na magumu kuyapata malipo yakishakamilika. Tunamshauri mtumiaji aandike katika makubaliano yake na mbunifu au mchoraji mambo yafuatayo:

- Ukubwa wa karatasi utakaokabidhiwa, na idadi ya kurasa.
- Kwamba kila kidirisha kitakuwa na jina na skeli yake chini yake, pamoja na skeli ya mstari.
- Kwamba vidirisha vyote vitawekewa kufuli kabla ya faili kukabidhiwa.
- Kwamba utapokea faili ya PDF ya ukubwa kamili, na kama utapokea pia faili ya programu yenyewe au la. Hili la mwisho mkubaliane waziwazi, kwa kuwa linagusa haki za mbunifu juu ya kazi yake.
- Kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi ukaguzi wa rula ufanyike, na marekebisho ya skeli yatafanywa bila gharama ya ziada.

Nchini Tanzania wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, wahandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na makandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Uliza namba ya usajili na uithibitishe kabla ya kutoa malipo ya awali. Tunza stakabadhi na kila toleo la mchoro ulilopokea, likiwa na tarehe. Ukigundua kosa, peleka maelezo yako kwa maandishi ukitaja ukurasa, kidirisha, namba iliyoandikwa na milimita ulizopima. Lalamiko la namna hiyo hujibiwa kwa hesabu, na halimwachi yeyote akibishana juu ya uzuri wa mchoro.

7. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kimeonyeshwa katika kidirisha cha 1:200. Kinapaswa kuwa na milimita ngapi kwenye karatasi?

Swali la 2. Ukuta ulioandikwa 10,000 una milimita 104 kwenye karatasi, na kidirisha kimeandikwa 1:100. Vidirisha vingine vya ukurasa huo vimekaguliwa na viko sahihi. Kosa liko wapi?

Swali la 3. Ramani ya A2 yenye kidirisha cha 1:50 imechapishwa katika A3 kwa kutosheleza karatasi. Skeli yake sasa ni takriban ngapi?

Swali la 4. Umepokea ramani ya msingi yenye nguzo 8, na ramani ya vyumba ya nyumba hiyo hiyo yenye nguzo 10. Utauliza nini?

Majibu

1. Milimita 100 kwa 150.

2. 10,000 ikigawanywa kwa 104 hutoa takriban 96. Kwa kuwa vidirisha vingine ni sahihi, uchapishaji hauna kosa. Kidirisha hicho kimoja kimehama. Kirudishwe kwenye 1:100 na kuwekewa kufuli.

3. Kila urefu umezidishwa kwa takriban 0.707, kwa hiyo 50 igawanywe kwa 0.707. Skeli ni karibu 1:71.

4. Uliza kama nguzo mbili zimefichwa au kusahauliwa katika kidirisha cha msingi, au kama nguzo mbili za juu hazikupangiwa msingi. Jibu la kwanza ni la mchoraji. La pili ni la mhandisi. Uchimbaji usianze kabla ya kujibiwa.

Tunahitimisha kwa kukumbusha kwamba ukaguzi tulioueleza hauhitaji kompyuta wala elimu ya usanifu. Unahitaji rula, kalamu na robo saa. Fanya ukaguzi huo kabla ya kupeleka michoro halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, na urudie kwa nakala utakayomkabidhi fundi, kwa sababu nakala hiyo huenda imechapishwa mahali pengine, kwa mashine nyingine, na mtu asiyejua kwamba milimita chache za karatasi ni hatua nzima ya ardhi yako.